Bastola ndogo imegoma kufunguka, au imegoma kufunga: tafuta kilichozuia kabla ya kutafuta nguvu

Siku ya usafi, bastola ndogo ina vipande vinne tu vya kukushughulisha: slaidi (kile kipande cha juu kinachokwenda nyuma na mbele), kasiba (bomba linalopitisha risasi), springi pamoja na mhimili wake, na fremu inayobaki mkononi. Ukihesabu magazini, kile kibweta cha risasi, vitano. Aliyezoea huvitenganisha huku anaongea na watu. Asiyezoea huvuta, husukuma, hugonga kwa kiganja, halafu hutafuta bisibisi, na hapo kwenye bisibisi ndipo hasara inapoanzia. Nimeletewa bastola kadhaa "zilizogoma", na nyingi hazikuwa na ugonjwa wowote. Kuna hatua ilirukwa, na chuma kilikuwa kinakataa kwa sababu kimeundwa kikatae. Ndiyo maana kila dalili hapa chini naianza na swali moja: ni nini kimezuia?

Kwanza hakikisha ni tupu

Hii haina njia ya mkato. Toa magazini kwanza, kisha koki, yaani vuta slaidi nyuma na kuiachia. Si kukoki kwanza halafu kutoa magazini. Ukikoki magazini ikiwa ndani, risasi ya kwanza inatoka na ya pili inaingia chemba, yaani pale nyuma ya kasiba inapokaa tayari kupigwa, papo hapo. Ukitoa magazini baada ya hapo utakuwa umeshika bastola ambayo akili yako inasema tupu na chemba inasema vingine.

Magazini ikishatoka, vuta slaidi hadi mwisho mara mbili tatu, ifungie nyuma kwa komeo lake, kisha tazama chembani kwenye mwanga. Usiridhike na macho. Ingiza ncha ya kidole kidogo: ukigusa tundu, sawa, ukigusa kitu bapa cha baridi, hiyo ni risasi. Chemba za bastola ndogo ni finyu na nyeusi ndani, na macho ya jioni huona kile yanachotaka kuona. Angalia pia tundu la magazini lenyewe. Risasi zote, pamoja na zile zilizomo kwenye magazini, zipeleke chumba kingine.

Mbona ukali wote huu kwa kazi ya usafi tu? Kwa sababu bastola nyingi, Glock zikiwemo, hazifunguki bila kwanza kuvuta triga. Yaani kuvuta triga ni hatua halali ya kazi yenyewe. Aliyekosea kukagua hatagundua kosa kwa kusoma, atalisikia. Kwa hiyo hata baada ya kukagua, unapovuta triga elekeza mtutu mahali ambapo risasi ikitoka itasimama bila kumfikia mtu, wala usiuelekeze ukuta ambao nyuma yake kuna chumba.

Dalili: slaidi haitoki kwenye fremu

Hii ndiyo inayowatoa watu jasho kuliko zote, na sababu yake hutegemea aina ya bastola. Usichukue mbinu ya bastola moja ukaipeleka nyingine.

Kwenye Glock 19, 26, 43 na ndugu zao, utaratibu ni huu: chemba tupu, slaidi mbele, vuta triga mpaka ibaki nyuma. Kisha pitisha vidole vinne juu ya slaidi, kidole gumba kikae nyuma ya mshikio, ubane kama unayekamua limau. Slaidi irudi nyuma kidogo tu, milimita tatu hivi. Ikiwa hapo, kwa mkono wa pili shusha vile vikomeo viwili vidogo vya pembeni, kulia na kushoto kwa pamoja, halafu achia slaidi iende mbele na kutoka.

Ikigoma, sababu huwa mojawapo kati ya tatu. Ya kwanza ndiyo ya kila siku: umevuta slaidi mbali mno. Ukipitiliza zile milimita chache, sindano, kile kipini kinachogonga risasi, inakokiwa upya na triga inarudi mbele, na slaidi haitoki hata uivute mpaka kesho. Tazama triga: imesimama mbele? Basi anza upya, kagua chemba tena, vuta triga, kisha rudisha slaidi kwa adabu. Ya pili: hukuivuta kabisa. Vikomeo vinabanwa na kasiba, na bila kuilegeza hiyo milimita moja mbili havishuki. Ya tatu: umeshusha upande mmoja tu. Vile vikomeo ni ncha mbili za kipande kimoja cha chuma, na ukibonyeza upande mmoja kinalala mshazari na kubana. Wenye vidole vinene huteseka hapa. Kucha za kidole gumba na cha shahada hufanya kazi vizuri kuliko nyama ya kidole.

SIG Sauer P365 inafuata njia nyingine. Slaidi inafungiwa nyuma kwa komeo, ndipo kile kiwiko cha kufungulia kilichopo ubavuni kinazungushwa robo duara. Kikigoma kuzunguka, karibu kila mara slaidi haijafika mwisho wa safari yake. Vuta slaidi tena, funga komeo, zungusha kiwiko. Usiweke koleo kwenye kiwiko hicho.

Smith & Wesson M&P ina kiwiko kama hicho, lakini toleo lake la asili lina siri ndani: ukichungulia kwa juu kupitia tundu la kutolea maganda, slaidi ikiwa nyuma, utaona kikono kidogo chembamba. Ukikishusha kwa ncha ya kalamu, slaidi itatoka bila kuvuta triga. Ukikisahau, slaidi inakuja mbele kidogo halafu inanata, na watu hudhani kuna kitu kimevunjika. Wakati wa kufunga, magazini ikiingizwa hukirudisha yenyewe kikono hicho mahali pake.

CZ 75 Compact haina kiwiko wala vikomeo. Ina alama mbili ndogo nyuma, upande wa kushoto, moja kwenye slaidi na nyingine kwenye fremu. Zipange zikutane, zishike hapo hapo, kisha sukuma komeo la slaidi kutoka upande wa kulia litokee kushoto. Alama zikipishana hata kwa unene wa kucha, komeo halitoki. Hapo ndipo mtu huchukua nyundo, na hapo ndipo komeo hupata kovu la maisha. Kama limekaza kwa uhalisia, ligonge kwa kitako cha plastiki cha magazini tupu.

Makarov na Walther PPK ni ukoo mwingine. Kasiba imekazwa kwenye fremu na haitoki kamwe, usiing'ang'anie. Hapo kinachofungua ni kile kizingo cha chuma kinachozunguka triga: kinavutwa chini, kinasukumwa ubavuni kidogo ili kisirudi, slaidi inavutwa hadi mwisho wa nyuma, inanyanyuliwa sehemu ya nyuma, kisha inaachwa iende mbele. Slaidi isiponyanyuka, kizingo kimejirudia juu bila wewe kuona. Na kwenye Makarov, kama slaidi haisogei hata kidogo tangu mwanzo, tazama sefti, yaani kizuizi cha usalama: ikiwa juu, imefunga slaidi yenyewe.

Ruger LCP inafungwa kwa pini. Ukirudisha slaidi kidogo pini inalegea na unaweza kuichokonoa kwa kitu bapa chembamba. Funika ubavu wa fremu kwa kidole. Pini ile ikianguka kwenye zulia ni kazi ya kutambaa.

Dalili: slaidi yenyewe haivutiki, au ni ngumu kupita kiasi

Bastola ndogo ina springi kali kuliko kubwa. Slaidi yake ni nyepesi na safari yake fupi, kwa hiyo springi ndiyo inayobeba kazi ya kuituliza. Usidhani ni kasoro. Badala ya kuvuta slaidi kwa vidole viwili, ishike kwa kiganja kizima karibu na kifua, kisha sukuma fremu mbele kwa mkono ulioshika mshikio. Kwa bastola yenye nyundo ya nje, koki nyundo kwanza kwa kidole gumba: nusu ya uzito ulioudhani ni wa springi ya slaidi ilikuwa ya nyundo.

Kama haisogei kabisa, angalia sefti, maana kwenye bastola kama CZ 75 sefti ikiwa imewekwa slaidi haiendi popote. Kama sefti iko sawa na bado imekufa ganzi, jiulize imekaa kabatini muda gani. Grisi iliyokauka hugeuka gundi. Tone la mafuta mepesi kwenye reli na saa kadhaa za subira mara nyingi humaliza kesi.

Lakini kuna hali moja ambayo usafi unasimama: slaidi imenasa na huna uhakika kama kuna risasi chembani. Hapo usigonge mtutu kwenye meza, usiweke jiriwa, usisukume kitu chochote kupitia mtutu. Elekeza salama, iache ilivyo, mwite fundi wa silaha.

Dalili: springi imeruka

Kwenye bastola nyingi za sasa springi na mhimili wake ni kitu kimoja kisichoachana, na utaishika bila hofu. Nyingine, kama LCP yenye springi mbili moja ndani ya nyingine, huachana. Mimi niliwahi kuitafuta springi ya namna hiyo nusu saa nzima, nikaikuta ndani ya kiatu kilichokuwa mlangoni. Tangu siku hiyo nafungulia ndani ya mfuko mpana wa plastiki unaoona ndani, mikono yote miwili ikiwa mle, na miwani usoni. Miwani si mbwembwe. Springi ikikukosa jicho ni bahati, na si vizuri kutegemea bahati kila Jumamosi.

Dalili: kitambaa hakitaki kutoka cheupe

Kasiba ikishatoka, isafishe kutoka upande wa chemba kwenda mtutuni. Ukingo wa mwisho wa mtutu ndio unaoiaga risasi, na mkwaruzo pale huharibu shabaha. Loanisha kwa dawa, iache dakika chache ifanye kazi, pitisha brashi ya shaba mara kumi hivi, kisha vitambaa vikavu.

Rangi ya kitambaa inaongea. Nyeusi ni masizi ya baruti, na hupungua kila unapopitisha. Michirizi ya kijivu inayong'aa ni mabaki ya madini ya risasi, na huonekana zaidi kwa wanaotumia vichwa visivyofunikwa shaba. Glock za vizazi vya zamani, zenye kasiba ya pembe nyingi badala ya mifereji, zinakatazwa vichwa hivyo na mtengenezaji mwenyewe.

Rangi inayowapotosha watu ni ya kijani au samawati. Ni shaba, kweli, lakini ya nani? Dawa za kuondoa shaba hazibagui: zinakula shaba ya kasiba, na zinakula brashi yako pia. Nimemwona mtu anasugua kasiba iliyokwisha kung'aa zamani, kila kitambaa kinatoka kijani, kumbe anaisaga brashi yake mwenyewe. Badilisha: pitisha kitambaa kwenye ufito wa nailoni au plastiki. Kikitoka cheupe, kasiba ilikuwa safi tangu muda mrefu. Na dawa yenye amonia iweke mbali na bastola iliyopakwa nikeli, kwani inaweza kung'oa ule mpako.

Ukiona wekundu wa kutu siku moja au mbili baada ya kusafisha vizuri, shuku risasi. Risasi za zamani za kijeshi, hasa za enzi ya Kisovieti, zilitumia fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) yenye kemikali inayoacha chumvi ndani ya kasiba. Chumvi hiyo huvuta unyevu hewani. Mafuta hayaiyeyushi, yanaifunika tu, nayo inaendelea kula chuma chini ya blanketi. Inayoiyeyusha ni maji. Osha kasiba kwa maji ya moto, kausha kabisa, ndipo upake mafuta. Wengi hushtuka kusikia maji na bastola kwenye sentensi moja, lakini hapa maji ndiyo dawa.

Brashi ikinasa katikati ya kasiba, umejaribu kuigeuza kabla haijatokea upande wa pili. Nywele zake zimelala kuelekea nyuma, na ukivuta nyuma zinajichoma kama mwiba wa samaki. Iendeleze mbele mpaka itoke, hata kwa taabu. Na kabla ya kurudisha kasiba, ichungulie ikiwa mkononi, dhidi ya mwanga, mpaka uone duara kamili. Kitambaa kilichosahaulika ndani ni kizuizi, na kizuizi hupasua kasiba risasi ya kwanza inapopigwa.

Dalili: umefunga, lakini slaidi haifiki mwisho wa mbele

Inabaki nyuma kwa milimita mbili, au inahitaji kusukumwa kwa kidole gumba. Jizuie kusukuma. Ifungue upya.

Mshukiwa wa kwanza ni mhimili wa springi. Chini ya kasiba kuna mbonyeo wa nusu mwezi ambamo kisigino cha mhimili kinatakiwa kukaa. Kwenye Glock ni rahisi sana kukikalisha ngazi moja juu yake, na kwa macho ya haraka kinaonekana kimekaa. Jipimie hivi: tazama slaidi kutoka mbele kabla hujairudisha kwenye fremu. Ncha ya mhimili ikiwa katikati ya tundu lake, ni sawa. Ikiwa imeinama upande mmoja au imechomoza, kisigino kiko pabaya.

Kwenye Makarov mshukiwa ni springi iliyogeuzwa. Ncha yake moja ina mzingo mwembamba kuliko mingine, na hiyo ndiyo inayotangulia kuvishwa kwenye kasiba. Ukivisha kinyume springi haiishiki kasiba, na mwendo wa slaidi unakuwa na mikwaruzo.

Kwenye zile zinazofungwa kwa pini au komeo linalopita chini ya kasiba, kama LCP na CZ, tundu la kasiba halijakutana na tundu la fremu. Chungulia tundu kwa ubavu: ukiona mwanga upande wa pili, pini itaingia kwa kidole. Usipouona, sogeza kasiba mbele kidogo. Pini isiyoingia kwa kidole haitaingia kwa nyundo bila kuacha alama.

Kama vyote viko sahihi, geukia springi yenyewe. Bastola ikiwa tupu, elekeza mtutu juu kwa mshazari mahali salama, vuta triga uishikilie hapo hapo, rudisha slaidi nyuma kwa mkono, kisha iachie polepole ukiisindikiza. Springi nzima itaifunga slaidi mpaka mwisho. Springi iliyochoka itaiacha njiani. Za bastola ndogo huchoka mapema kuliko za kubwa, kwa ule mzigo niliousema. Kubadilisha ni bei ndogo kwa kulinganisha na fremu iliyopasuka.

Dalili: triga imekufa baada ya kufunga

Triga imelala nyuma na hairudi? Kwenye Glock hiyo ndiyo hali uliyoiacha wakati wa kufungua. Koki mara moja, itasimama. Kama umekoki na bado imelala au inaning'inia bila uzito, springi ya triga imechomoka au imekatika, na hapo umevuka mpaka wa usafi wa kawaida.

Triga iko mbele lakini haipigi? Baadhi ya bastola zina kizuizi kinachokataa triga kufanya kazi magazini ikiwa nje. Ingiza magazini tupu, nasema tupu, uliyoihesabu kwa macho, ujaribu tena. Bastola za namna hii zina hatari yake wakati wa kufungua pia: mtu aliyetoa magazini akavuta triga na isilie anaweza kudhani amethibitisha kuwa chemba ni tupu. Hajathibitisha chochote.

Ukimaliza kufunga, fanya jaribio kavu. Koki. Elekeza salama. Vuta triga, usikie mlio wa sindano au nyundo. Endelea kuishikilia nyuma, koki tena huku umeishikilia, kisha iachie mbele taratibu: mahali fulani njiani utasikia "tik" ndogo na kuihisi kwenye ncha ya kidole. Vuta tena, lazima ilie. Ukikosa ile tik, kuna kitu hakikushikana, na bastola hiyo isipewe risasi.

Dalili: ilikuwa inafanya kazi, nimeisafisha, sasa inasumbua uwanjani

Kauli hii nimeisikia mara nyingi mno, na jibu langu la kwanza ni swali: ulipaka mafuta kiasi gani? Wengi hunionyesha kwa kidole chupa iliyopungua nusu.

Bastola ndogo inataka matone, haitaki kuogelea. Tone moja kwenye kila reli ya slaidi, mpako mwembamba juu ya kasiba mahali panaposuguana na slaidi, tone moja pale wenzo wa triga unapokutana na kipande kinachouachia. Basi. Ukiifunga na mafuta yakachuruzika kwenye mshikio, futa. Glock mpya kabisa huja na grisi ya rangi ya shaba ndani ya slaidi; hiyo si uchafu, iache izoeze vyuma.

Mahali pawili hapatakiwi mafuta kabisa. Pa kwanza ni mfereji wa sindano. Mafuta yakiingia humo yanachanganyika na masizi na vumbi la shaba, yanakuwa uji, sindano inapoteza kasi, fataki inapata kidonda chepesi tu na risasi hailii. Okota risasi iliyogoma uitazame kitako: alama ya sindano ikiwa ya kina na ya katikati, risasi ndiyo mbovu. Ikiwa kijidoa tu, shuku mfereji huo au slaidi isiyofika mwisho. Lakini kabla ya kuiokota: risasi isipolia, bakiza mtutu kwenye shabaha kwa sekunde thelathini, kwa kuwa fataki inaweza kuchelewa. Na ikilia kwa sauti ya chafya, bila mshindo uliouzoea, acha kupiga hapo hapo. Kichwa chake huenda kimebaki ndani ya kasiba. Hapo kazi ni kutoa magazini, kukagua chemba na kuchungulia kasiba ikiwa imetolewa.

Pa pili ni magazini. Ifute kwa kitambaa kikavu. Mafuta ndani ya magazini hukusanya vumbi na hupenya kwenye risasi zenyewe. Ukiifungua kitako, piga picha kwanza jinsi springi ilivyokaa na kipande cha plastiki cha juu kinavyotazama. Springi iliyogeuzwa juu chini huzaa matatizo mawili yanayoonekana hayahusiani: risasi zinaingia zimeinamisha pua, na slaidi haifungiki nyuma risasi zikiisha.

Na kuhusu slaidi kutofungika nyuma risasi zikiisha, usikimbilie kulaumu chuma. LCP ya kwanza haikuundwa kufanya hivyo kabisa. Kwenye nyingine, mlaumiwa wa kawaida ni kidole gumba chako: mshikio ni mfupi, kidole kinapumzika juu ya komeo la slaidi na kulizuia kupanda. Mpe mwenzako apige magazini moja. Ikifunga kwake, umepata jibu bila bisibisi.

Ganda likibaki chembani, tazama kikucha kinacholing'oa. Chini yake hujificha masizi yaliyogandamana kama jiwe. Kijiti cha meno chenye ncha huyatoa. Huna haja ya kukifungua kikucha. Sugua pia kuta za chemba, ambazo wengi huziruka kwa sababu brashi ya kasiba ni nyembamba kwake. Ganda likisimama wima limebanwa na slaidi kama bomba la moshi, na bastola ni safi, rudi kwenye mkono: bastola nyepesi huhitaji kifundo kilichokaza, la sivyo fremu inarudi pamoja na slaidi na safari inakosa urefu.

Jambo dogo kwa anayeibeba ikiwa na risasi. Kila ukisafisha, unaitoa risasi ile ya chembani, kisha unairudisha ile ile. Kila inapogongwa kuingia chemba, kichwa chake kinaweza kusukumwa ndani ya ganda kidogo kidogo, na nafasi ikipungua msukumo wa baruti unapanda. Isimamishe mezani kando ya risasi mpya. Ikiwa fupi, hata kwa unywele, itenge usiipige.

Mikono sasa. Masizi ya fataki yana madini ya risasi. Dirisha liwe wazi muda wote, usile wala kuvuta sigara mezani hapo, na ukimaliza nawa kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto. Vitambaa vyenye dawa vinashika moto haraka, visikae vimerundikwa.

Kuna vitu havisafishiki. Pitisha kucha kwenye reli za fremu, kwenye kona za ndani za slaidi na chini ya kasiba panaposhikana na mhimili. Kucha ikinasa kwenye mstari mwembamba uliobaki mweusi hata baada ya dawa, huo ni ufa. Kasiba ikiwa na pete iliyovimba, ambayo ukiichungulia inaonekana kama kivuli cha mviringo, ilishapigwa ikiwa na kizuizi. Bastola hiyo mpelekee fundi wa silaha ikiwa tupu, slaidi imefungiwa nyuma, magazini kwenye mfuko mwingine, na mwambie ilianza kusumbua kabla au baada ya kuifungua.